Kufufua lori la zamani la jeshi nyumbani: mwongozo kamili

Lori la jeshi lilibuniwa litengenezwe porini, na askari kijana mwenye sanduku la spana na kitabu cha maelekezo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kulipendelea kuliko gari jingine lolote la zamani. Bolti zake zinafikika, hakuna kompyuta, vipuri vilitengenezwa kwa wingi mno, na kila kazi imeandikwa mahali fulani. GMC CCKW, lori la Marekani la vita vya pili vya dunia, lilitengenezwa zaidi ya magari 500,000. M35, nalo la Marekani, lilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950 na likatumika kwa miongo mingi baada ya hapo. Bedford RL la Uingereza, Unimog 404 la Ujerumani na ZIL-131 la Urusi nayo yalizalishwa kwa maelfu mengi. Yana tofauti kubwa, lakini njia ya kuyafufua ni moja.

Njia yenyewe ni hii: usilifumue lori lote kwa wakati mmoja. Miradi mingi inayokufa haiuawi na kutu wala uhaba wa vipuri. Inakufa kwa sababu mwenyewe aling'oa kila kitu katika wiki za kwanza za hamasa, akabaki na chasisi tupu na makopo ya bolti zisizo na majina. Chukua mfumo mmoja, umalize, urudishe mahali pake, ndipo ufungue mwingine.

Kabla ya kununua

Nunua lori lililokamilika, hata kama sura yake inatisha. Bati lililooza hukatwa na kuungwa jipya, mbao hubadilishwa, turubai hushonwa. Vitu vya kuogopa ni vile vya chuma cha kumiminwa: bloku yenye ufa, boksi la transfa (linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) lililopasuka, ekseli iliyokosa difu. Vitu hivyo humaliza pesa na subira. Lori lenye rangi mpya inayong'aa ulikague kwa makini zaidi kuliko lenye rangi inayobambuka, maana rangi mpya huficha unga wa kuzibia bati, kutu na welding mbaya.

Lala chini ya gari na tochi. Angalia reli za chasisi mahali mabati mawili yalipobanwa pamoja kwa riveti. Kutu ikijaa katikati huvimba na kuyatenganisha. Angalia vishikio vya springi na mahali boksi la usukani lilipofungwa, kwani nyufa hupenda kuanzia hapo. Vuta kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Jaribu kuzungusha injini kwa mkono. Kisha tafuta kibati cha data, ulinganishe namba zake na zile zilizogongwa kwenye chasisi na kwenye karatasi za umiliki. Namba zisipolingana na muuzaji asipokuwa na maelezo, achana nalo.

Fikiria pia mahali pa kuliweka. Lori la tani mbili na nusu, yaani uwezo wake wa kubeba, lenyewe tupu lina uzito wa tani nne na nusu hadi sita. Sakafu ya udongo haifai kulinyanyulia. Unahitaji zege imara, nafasi ya kutembea kuzunguka gari lote, na nafasi ya kuweka ekseli nzima pembeni ikitolewa.

Vitabu kwanza, spana baadaye

Tafuta vitabu vya jeshi vya gari lako kabla hujafungua nati hata moja. Kwa GMC CCKW kitabu ni TM 9-801. Kwa M35A2 ni mfululizo wa TM 9-2320-209, na tarakimu za mwisho zina maana yake: 10 ni cha dereva, 20 ni cha matengenezo ya kikosini, vinavyoanzia 30 ni vya karakana kubwa, na herufi P huonyesha orodha ya vipuri yenye michoro. Hicho cha vipuri ndicho utakachokitumia kila siku, kwa sababu kinaonyesha kila washa na kila sili kwa mpangilio inavyoingia.

Kitabu kitakueleza pia aina ya nyuzi za bolti. Malori ya Marekani hutumia spana za inchi, ya Uingereza ya zamani hutumia vipimo vya Kiingereza vya Whitworth na BSF, ya Ujerumani na Urusi hutumia milimita. Spana "inayokaribia" huharibu kichwa cha bolti ambacho tayari kimedhoofishwa na kutu. Na jambo la kukumbuka kila unapofungua magurudumu: kwenye CCKW, M35 na malori mengine mengi ya zamani, nati za upande wa kushoto zina nyuzi za kinyume, kwa hiyo hufunguka kwa kuzungusha kuelekea saa inakoenda. Watu wamevunja bolti kwa kutojua hili tu.

Vitu vinavyoua

Sehemu hii ni ndefu kwa makusudi. Lori la jeshi si gari dogo lililokuzwa.

Rimu ndizo hatari ya kwanza. Malori mengi ya jeshi yana rimu za vipande: ama ringi ya chuma inayofungia tairi, ama nusu mbili zilizounganishwa kwa bolti. Tairi likiwa na upepo na kipande kikaachia, hufyatuka kwa nguvu ya kuua. Kwenye rimu za nusu mbili kuna duara mbili za nati, moja inayoshika gurudumu kwenye habu na nyingine inayoshika nusu hizo pamoja. Malori ya Uingereza mara nyingi yalipakwa rangi nyekundu kwenye nati zisizopaswa kuguswa, lakini baada ya miaka mingi rangi hiyo huenda haipo. Kanuni ni rahisi na haina msamaha: toa kiini cha valvu, acha upepo wote utoke, pitisha waya ndani ya valvu kuhakikisha haijaziba, ndipo ushike spana. Wakati wa kujaza, weka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, tumia kishikio kinachojifunga chenyewe na mpira mrefu, na usimame pembeni, kamwe usisimame mbele ya rimu. Ringi iliyoliwa na kutu au iliyopinda itupwe. Kama huna kizimba, peleka gurudumu kwa fundi wa matairi ya malori makubwa mwenye nacho.

Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Usiingie chini ya lori lililokaa juu ya jeki peke yake, na usitumie matofali, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Zuia magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma.

Lainingi za breki, sahani ya klachi na gasketi za zamani huenda zina asbestosi. Usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, ufunge kitambaa kwenye mfuko, na vaa barakoa inayozuia chembechembe ndogo. Rangi za zamani zina madini ya risasi. Rangi za kijeshi za Marekani za kuanzia miaka ya 1980, zinazojulikana kama CARC, zina kemikali zinazodhuru mapafu zikisagwa au zikichomwa. Saga kwa maji kila inapowezekana. Mishale ya dashibodi inayong'aa gizani, hasa ya miaka ya vita, huenda ilipakwa radiamu, kwa hiyo usifungue geji hizo wala kukwangua rangi yake.

La mwisho hapa halijulikani na wengi: dawa za kusafishia breki zenye klorini zikikutana na moto wa welding hutoa gesi ya fosijini, ambayo ni sumu kali. Chuma kilichosafishwa kwa dawa hiyo kisichomelewe hata kama kinaonekana kikavu. Chagua dawa isiyo na klorini, uondoe mashaka.

Kurekodi na kuosha

Piga picha kila kona kabla ya kuosha, halafu tena baada ya kuosha. Piga njia ya kila waya, kila paipu na kila kishikio. Bolti ziingie kwenye mifuko midogo yenye maandishi ya zilikotoka, au bora zaidi, zirudishwe kwenye mashimo yake mara kipande kinapotoka.

Osha kwa mvuke au maji ya presha, lakini usielekeze maji kwenye sili za habu, kabureta wala dainamo. Uchafu wa grisi uliokauka mara nyingi umehifadhi chuma chini yake kikiwa kizima, hivyo ukwangue kwa kibao cha mbao kwanza.

Kuamsha injini

Injini ianze kwanza, kwa sababu hali yake ndiyo itakayoamua bajeti yote. Lakini lori lisisogee kwa nguvu zake mpaka breki ziwe tayari.

Toa plagi, au nozeli kama ni dizeli. Mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, na uache kwa siku kadhaa. Toa kifuniko cha valvu, angalia kama kuna iliyokwama. Kisha zungusha injini kwa mkono, mbele kidogo na nyuma kidogo, kwa mkono wa kuanzishia au spana ndefu kwenye bolti ya krenki. Usilazimishe kwa stata, na usiivute kwa gari jingine, kwani ringi iliyokwama huvunjika na fimbo ya valvu hupinda. Subira ya wiki mbili hapa ni nafuu kuliko pistoni mpya.

Injini ikizunguka, fungua karteli, yaani bakuli la oili chini ya injini. Utakuta tope jeusi zito chini, na likiachwa humo litaziba kichujio cha pampu ya oili dakika chache baada ya kuwasha. Safisha, weka gasketi mpya na oili mpya. Plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata hadi geji ya oili inyanyuke. Hapo ndipo beringi zinapata ulinzi.

Kwa injini ya petroli, safisha pointi kwa msasa laini, badilisha kondensa, hakikisha cheche ni ya buluu na kali, fungua kabureta na uitoe utando wa petroli iliyoganda. Tumia kitangi kidogo cha muda chenye petroli safi. Tangi la gari bado halifai.

Kwa dizeli kuna tahadhari kubwa zaidi. Reki ya pampu ya nozeli, yaani fimbo inayopima mafuta, ikiwa imekwama kwenye mafuta kamili, injini itapaa mizunguko bila kuzimika mpaka ijivunje. Hakikisha reki inateleza huru, na kuwa na kibao bapa cha kuziba njia ya hewa. Usizibe kwa mkono. Injini ya M35 ya LDT-465 inayotumia mafuta ya aina nyingi ina tabo, na tabo nayo inataka oili iifikie kabla ya mwasho wa kwanza.

Weka kizima moto karibu, mtu wa pili awe kwenye swichi, washa. Geji ya oili isiponyanyuka ndani ya sekunde chache, zima. Ikienda vizuri, iache ipate joto, kisha pima kompresheni. Injini ya petroli ya miaka ya 1940 ina uwiano mdogo, hivyo usitegemee namba za magari ya leo; tazama zaidi ulinganifu. Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 15, sababu itafutwe kabla ya kuendelea.

Maji na mafuta

Rejeta isafishwe kwa kupitisha maji kinyume cha njia yake, na plagi ya kutolea maji chini ya bloku ifunguliwe, maana tope la kutu hujikusanya hapo. Hosi zote mpya. Tumia kizuia kutu badala ya maji matupu.

Tangi litolewe kabisa. Tangi la petroli lililokaa tupu kwa miaka bado linaweza kulipuka, kwa hiyo lisiguswe na welding wala grinda. Kazi hiyo ni ya wanaotengeneza matangi kwa utaratibu wake. Kwa kutu ya ndani, tia siki na vipande vya mnyororo, tikisa, acha, tikisa tena, suuza kwa maji yenye magadi, kausha haraka. Mipira ya zamani huyeyuka kwa petroli za leo zenye ethanoli, kwa hiyo nunua mipira iliyoandikwa kuwa inaistahimili, na uweke kichujio kinachoonekana ndani kabla ya pampu.

Breki

Hapa usibane matumizi. Malori mengi ya jeshi ya kabla ya miaka ya 1970 yana mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki. Hosi moja ikipasuka, magurudumu yote yanakosa breki kwa pamoja. CCKW husaidiwa na servo ya vakyumu, M35 husaidiwa na upepo unaosukuma mafuta, lakini msaada hauondoi udhaifu huo.

Fungua kila gurudumu. Pima kipenyo cha ndani cha dramu na ulinganishe na kiwango cha mwisho kilichoandikwa kitabuni. Silinda za magurudumu zenye vishimo vidogo haziponi kwa kubadilisha mpira tu. Zinunuliwe mpya au zivishwe koti la chuma kisichoshika kutu. Hosi zote za mpira zibadilishwe, hata zinazoonekana nzuri, kwa kuwa huziba au kuoza kwa ndani. Paipu za chuma zibadilishwe kwa za shaba na nikeli, ambazo hazishiki kutu na hupindika kirahisi. Masta silinda ifunguliwe yote.

Kisha mafuta. DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, hivyo gari linalokaa sana huoza breki kutoka ndani. Jeshi la Marekani lilihamia DOT 5, ambayo ni silikoni, katika miaka ya 1980, na kwa lori linalotembea mara chache naona ni chaguo bora. Sharti ni mfumo uwe safi kabisa na mipira iwe mipya, kwa kuwa DOT 5 haichanganyiki na hizo nyingine. DOT 5.1 ni kitu tofauti, iko kundi moja na DOT 4, namba isikuchanganye.

Toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Halafu kanyaga pedali kwa nguvu zako zote na uishikilie dakika kadhaa, mwenzako akipita na tochi kwenye kila kiungo. Pedali ikizama taratibu, kuna mahali panavuja hata kama hapaonekani. Malori ya upepo yanataka pia matangi yake yatolewe maji, yakaguliwe kutu ya ndani, na valvu ya usalama ijaribiwe. Breki ya mkono kwa malori mengi hushika propela shafti, kwa hiyo krosi iliyolegea hulegeza na breki hiyo.

Ekseli, usukani na matairi

Mwaga oili zote na uzitazame. Vipande vidogo vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya, ila utando mwembamba wa unga kwenye plagi ya sumaku ni kawaida. Safisha vipumulio vya ekseli kabla ya kulaumu sili, kwani kipumulio kikiziba, joto husukuma oili itoke kwenye sili nzima. Kwenye giaboksi zenye shaba ndani, baadhi ya oili za gia za daraja la GL-5 huila shaba hiyo. Fuata kitabu au tumia GL-4.

Kwa usukani, mtu mmoja aucheze kushoto na kulia huku mwingine akiangalia kila kiungo kwa jicho. Kinachocheza kibadilishwe. Usikaze boksi la usukani ili kuficha viungo vilivyochakaa.

Matairi yenye mistari ya kijeshi huendelea kuonekana mazima hata yakiwa hayaaminiki tena. Nyufa ubavuni zinatosha kuyakataa. Matairi pacha ya nyuma yawe na kipenyo sawa, la sivyo difu na transfa huumizana.

Umeme

CCKW ni volti 6, M35 na Unimog 404 ni volti 24 kwa betri mbili zilizofuatana, na baadhi ya malori ya Uingereza yana ncha chanya ya betri kwenye bodi. Thibitisha kabla ya kuunga betri. Waya za miaka ya 1940 zina mpira na kitambaa kinachopasuka ukikigusa, hivyo badilisha zote, moja baada ya nyingine, ukitoa ya zamani pale tu mpya inapoingia. Malori ya M35 yana vibati vya namba kwenye waya, na namba hizo zinalingana na mchoro wa kitabu. Usivitupe. Mfumo wa volti 6 unataka kebo nene za stata. Nyembamba zitakufanya uilaumu stata isiyo na kosa. Sehemu za kuunga bodi zikwanguliwe hadi chuma cheupe.

Bodi na rangi

Kabla ya kuondoa rangi yote, saga milango, boneti na bampa kwa msasa laini wa maji, taratibu, tabaka kwa tabaka. Chini yake mara nyingi kuna namba za usajili wa kijeshi, nyota, alama za kikosi. Piga picha na upime ukubwa wake. Ni kumbukumbu ya gari hilo peke yake, na ikisagwa kwa haraka haitapatikana tena popote. Alama utakazorudisha ziwe hizo, si zilizonakiliwa kwenye lori la mtu mwingine.

Bati lililooza likatwe hadi chuma kizima na kiraka kiungwe, si kupakwa unga. Praima ya epoksi kwenye chuma kitupu siku hiyo hiyo kilichosafishwa. Kwa malori ya Marekani ya baada ya vita, rangi ya kijani ya kizeituni hutambulika kwa namba 24087 kwa yenye mng'ao kidogo na 34087 kwa isiyong'aa. Usipake juu ya vibati vya data.

Safari za kwanza

Sheria za usajili, ukaguzi na leseni kwa gari la uzito huu ziulizwe mapema, kwa sababu baadhi hudai taa au vioo ambavyo lori halikuzaliwa navyo.

Anza uwanjani, mwendo wa kutembea, breki mara nyingi, mbele na nyuma. Giaboksi nyingi za zama hizo zinataka klachi ikanyagwe mara mbili kwa kila gia. Kwenye lami, usiunge nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele, kwa sababu ekseli hushindana na transfa huumia. CCKW ilikuwa na kibati cha kumwonya dereva asizidi maili 45 kwa saa, yaani kama kilomita 72, na mwendo huo uheshimiwe.

Baada ya kilomita chache simama, shika kila habu kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, beringi imekazwa mno au breki haiachii. Nati za magurudumu zikazwe tena kwa spana ya toki baada ya kilomita 50, halafu tena kwenye 100. Oili ya injini imwagwe baada ya kilomita 500, na kichujio kikatwe kifunguliwe kuona kilichomo. Lori likikaa wiki kadhaa, liwashe na ulitembeze hadi lipate joto kamili, kwa sababu kuliwasha dakika tano tu na kulizima huacha maji ndani ya karteli na ekzosi.